Mwenye Vyombo na Mwenye Gumba: Gitaa la Besi katika Dansi la Dar es Salaam

Mwezi wa Novemba mwaka 1969, Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa "soul" mjini Dar es Salaam. Mji ulikuwa ungali sehemu ya mkoa huo, na amri ilikuja mwaka uleule ulioanza kwa Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa TANU dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Muziki ule wa Wamarekani Weusi ulitiwa katika kapu moja na mavazi hayo, ukahesabiwa kuwa kitu cha kigeni kisicholingana na utamaduni wa taifa. Mwezi mmoja baadaye, Disemba 1969, huko Marekani kundi la Sly and the Family Stone lilitoa wimbo "Thank You (Falettinme Be Mice Elf Agin)", na ndani yake likasikika gitaa la besi lililopigwa kwa namna ambayo wasikilizaji wengi walikuwa hawajapata kuisikia katika santuri. Mpigaji wake, Larry Graham, hakuzidona nyuzi kwa ncha za vidole. Alizichapa kwa ukingo wa kidole gumba na kuzivuta kwa kidole cha shahada, zikalia kama ngoma na upatu vilivyofungwa katika ubao mmoja.

Mambo hayo mawili hayakujuana. Mkuu wa Mkoa hakuwa na habari ya gumba la Graham, wala Graham hakuwa na habari ya Magomeni na Temeke. Walakini, anayetaka kujua kwa nini mtindo huo wa kuchapa na kuvuta, ambao wanamuziki huuita slapu, ulichelewa kufika katika kumbi za viunga vya Dar es Salaam, na kwa nini ulipofika haukukuta kiti cha kukalia, hana budi kuanzia hapo. Amri yenyewe ni sehemu ndogo ya sababu. Sababu kubwa ilikuwa kitu cha kawaida zaidi, nacho ni umiliki wa gitaa.

Kisa cha kuzaliwa kwa slapu kimesimuliwa na Graham mwenyewe mara nyingi. Alikuwa kijana akipiga katika vilabu vya California pamoja na mama yake, Dell Graham, aliyekuwa mwimbaji na mpiga piano. Mwanzo yeye alishika gitaa la kawaida, huku miguu yake ikikanyaga sauti za chini za kinanda cha ogani. Siku moja ogani ikaharibika. Ikabidi akodi gitaa la besi kwa muda, hadi ogani itakapotengenezwa. Ogani haikutengenezeka, na besi ikabaki mikononi mwake. Baadaye mama aliamua kuendelea bila ya mpiga drams. Hapo ndipo mtoto alipoanza kuzichapa nyuzi nene kwa gumba ili kuziba pengo la ngoma kubwa ya miguu, na kuzivuta nyuzi nyembamba ili kuziba pengo la ile ngoma ndogo yenye mlio mkali.

Mambo mawili katika kisa hiki yanafaa kuwekwa akilini: gitaa lilikuwa la kukodi, na ngoma haikuwapo.

Wasomaji wa visiwani, waliozoea kuliona besi kubwa la kusimama nyuma ya waimbaji wa Ikhwani Safaa au wa Culture Musical Club, wanaweza kuuliza kama kuchapa nyuzi kulianza kweli na Graham. Jibu ni kwamba kulianza mapema zaidi. Wapigaji wa besi la kusimama wa New Orleans, Pops Foster miongoni mwao, walikuwa wakizivuta nyuzi za utumbo na kuziachia zipige ubao tangu mwanzoni mwa karne ya 20, siku ambazo hapakuwa na spika na besi lilipaswa kushindana na tarumbeta. Graham aliuhamishia mtindo huo wa mahitaji katika chombo cha umeme. Huko nao ukabadilika tabia, kwa kuwa shingo ya gitaa la umeme imepandwa vijichuma vinavyokata sauti, viitwavyo freti, na uzi wa chuma unaochapwa juu ya freti hutoa mlio ambao uzi wa utumbo juu ya mti mtupu hauwezi kuutoa.

Kutokana na hapo, mpigaji wa slapu mwenye hiari ya kuchagua huwa na macho ya peke yake aingiapo dukani. Kwanza huzitazama nyuzi. Hadi katikati ya miaka ya 1960, besi nyingi za umeme zilifungwa nyuzi zilizozungushiwa utepe bapa wa chuma, laini chini ya kidole, zenye sauti nene inayozimika upesi. Mnamo 1966 kampuni ya Rotosound ya Uingereza, ikishirikiana na John Entwistle wa kundi la The Who, ilitengeneza nyuzi zilizozungushiwa waya wa mviringo, zenye mikwaruzo midogo kama msasa na sauti inayong'aa kama ya piano. Bila ya nyuzi za aina hiyo slapu huwa kama mtu anayepiga kofi akiwa amevaa glavu. Kisha huitazama shingo: nyuzi zisiinuke mno juu ya freti, maana gumba litachoka kabla ya usiku wa manane, wala zisilale mno, maana zitakoroma. Huupima kwa kidole mwanya kati ya uzi na uzi. Karibu na mahali nyuzi zinapofungwa, milimita 19 hivi zinatosha kidole cha shahada kuzama chini ya uzi na kuuvuta bila ya kuugusa wa jirani. Huangalia pia nafasi kati ya nyuzi na mwili wa gitaa, kwani kidole kisichopata pa kuingia hakina cha kuvuta.

Mwisho husikiliza pikapu, vile visumaku vinavyogeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme. Besi ya Precision ya Leo Fender, iliyotoka mwaka 1951 na kuufungua ulimwengu mzima wa chombo hiki, ina pikapu katikati ya mwili, na sauti yake ni pana na ya kifua. Jazz Bass ya mwaka 1960 iliongeza pikapu ya pili nyuma, karibu na mahali nyuzi zinapofungwa, na kutoka huko hupatikana makali ambayo Marcus Miller aliyageuza kuwa sahihi yake. StingRay ya kampuni ya Music Man, iliyotoka mwaka 1976 na kupendwa na Louis Johnson, ilitiwa ndani yake kikuza sauti kinachotumia betri, hata mlio ukatoka gitaani umekwisha kupata nguvu kabla ya kufika kwenye amplifaya. Zote tatu zimechapwa kwa gumba na zikaitika, ila kila moja huitika kwa lahaja yake.

Hiyo ni elimu ya mtu anayechagua. Katika Kinondoni na Temeke ya miaka ya 1970 swali halikuwa gitaa lipi, bali gitaa la nani.

Lugha ya wanamuziki wa Dar es Salaam inalo neno moja linaloeleza hali hiyo kuliko kurasa nyingi: vyombo. Vyombo ni magitaa, amplifaya, spika, drams, tumba, tarumbeta na saksafoni zote kwa jumla. Na mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz, ambayo ilikuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Ilikuwa bendi ya kwanza ya aina yake: mwanamuziki aliajiriwa, akalipwa mshahara, akakabidhiwa chombo kama dereva anavyokabidhiwa gari la ofisi. Mashirika mengine yakafuata mkondo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo, kikawa na Urafiki Jazz. Shirika la Bima likawa na Bima Lee. Jeshi la Kujenga Taifa likawa na Kimulimuli. Mwaka 1971 Umoja wa Vijana wa TANU, jumuiya ileile iliyoisimamia Operesheni Vijana, ukaanzisha Vijana Jazz, ambayo ilikuja kuufanya ukumbi wake wa Kinondoni kuwa miongoni mwa kumbi zilizojulikana zaidi mjini.

Utaratibu huo haupaswi kudharauliwa. Uliwapa wanamuziki riziki ya mwezi katika nchi ambayo haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na ambayo haki ya mtunzi ilikuwa neno la hotubani. Mashairi mengi mazuri ya dansi yasingaliandikwa lau watunzi wake wangalitegemea viingilio vya mlangoni peke yake. Lakini mpiga besi aliyekabidhiwa gitaa la chama hakuwa na amri juu yake. Hakulichagua. Liliagizwa na afisa ambaye pengine hajapata kushika gitaa. Hakuweza kuishusha wala kuipandisha shingo yake apendavyo, kwa kuwa bendi kubwa zilikuwa na wapigaji wa zamu, na gitaa lililotengenezwa kwa mkono mmoja lingemchosha mwenzake. Alipohama bendi, aliondoka na vidole vyake tu.

Na walihama sana. Mlimani Park Orchestra, Sikinde, iliundwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafirishaji na teksi iliyojulikana kwa kifupi TTTS, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Wapigaji na waimbaji walikuwa walewale. Aliyebadilika alikuwa mwenye vyombo. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, aliyekuwa na Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake na kuwachukua baadhi ya nguzo za Mlimani Park, akiwamo Muhiddin Maalim Gurumo na Abel Balthazar, akaunda International Orchestra Safari Sound. Upo hata mfano ambapo jina la bendi lilikuwa jina la mwenye mali: Orchestra Super Matimila, ambayo ulimwengu uliijua kwa sauti ya Remmy Ongala, ilichukua jina la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo vyake. Remmy aliimba juu ya wanyonge na maskini, na kila alipotangazwa jukwaani, jina la mwenye magitaa ndilo lililofuata lake.

Maquis du Zaire ni mfano uliokwenda njia nyingine. Wanamuziki hao wa Kongo, waliofika Dar es Salaam mwaka 1972 wakapiga White House, Ubungo, na baadaye Lang'ata, Kinondoni, waliunda kampuni yao wenyewe, OMACO, na kwa hiyo wakawa wenye vyombo na wenye vidole kwa pamoja. Si ajabu kwamba wapenzi wa dansi waliisifu bendi hiyo kwa usafi wa mlio wake. Mtu hulitunza gitaa lake kwa namna asivyolitunza la ofisi.

Hali ya pwani nayo haikusaidia. Hewa ya chumvi hula chuma, na jasho la mpigaji katika ukumbi usio na dari humalizia kazi. Nyuzi za waya wa mviringo, zile ambazo slapu huzitaka, ndizo zinazoharibika mapema, kwa sababu uchafu na kutu hujificha katika mikwaruzo yake, na zikifa huwa na sauti ya kamba ya ndoo. Nyuzi za utepe bapa huvumilia miaka. Ubao wa shingo, uliokaushwa kwa hali ya hewa ya Ulaya au Marekani, hupinda unyevunyevu wa masika unapouingia. Tena vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 viliikausha hazina ya nchi. Wakati fedha za kigeni zilikuwa hazitoshi hata dawa na vipuri vya mabasi, ni nani angeomba kibali cha kuagiza nyuzi nne za besi? Mbinu ya kuzichemsha nyuzi kuukuu ili kuzitoa mafuta na kuzirudishia uhai kwa siku chache inajulikana kwa wapiga besi wa dunia nzima. Kwa mwenye duka la nyuzi jirani huwa ni mchezo, lakini kwa aliye mbali na duka huwa ni maisha.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba wapiga besi wa dansi walikaa wakisubiri slapu kama abiria wa kivuko. Uhaba uliwalea katika sanaa nyingine, na sanaa hiyo inawastahiki wapenzi wa ushairi kuliko mtu mwingine yeyote. Wimbo wa dansi wa miaka hiyo una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole, ambamo beti huimbwa na kisa husimuliwa. Ya pili ni chemko, ambapo mwendo huongezeka, magitaa hujibizana, na wachezaji waliokuwa wamekaa wakisikiliza maneno huinuka. Katika sehemu ya kwanza besi nzuri husema kidogo. Hutamka sauti mbili au tatu, hunyamaza, na kunyamaza kwake humpa mwimbaji nafasi ya kuitua mizani yake. Anayesikiliza kwa makini nyimbo zilizohifadhiwa na Radio Tanzania, zilizopigwa na bendi nzima kwa pamoja mbele ya mikrofoni, atagundua kuwa besi aghalabu haiangukii pale neno linapoangukia. Hungoja, kisha hujaza mwanya, mithili ya mkarara unaokuja baada ya ubeti. Kwa kazi hiyo sauti ya kifua ya nyuzi bapa inafaa kuliko makali ya waya wa mviringo. Slapu katikati ya masimulizi ya Gurumo au Cosmas Chidumule ingekuwa utovu wa adabu.

Katika chemko mambo ni mengine. Hapo besi huwa ngoma. Tena si kwa tashbihi tu, kwa kuwa bendi mbili zilizogawana mapenzi ya mji zilijiita kwa majina ya ngoma. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Msondo ni ile ngoma ndefu ya unyago, ambayo visiwani Bi Kidude aliipiga hadi uzeeni, yenye mlio wa chini unaosikika kwanza katika tumbo kabla ya sikio. Watu wa Temeke waliolelewa na ngoma hizo hawakuhitaji kufundishwa na California kwamba sauti ya chini inaweza kuchapwa. Sikio lilikuwa tayari, na mkono pia. Kilichokosekana ni chombo ambacho kingeustahimili mchapo: nyuzi hai, shingo iliyonyooka, amplifaya isiyokoroma. Pigo la gumba hutoa mlipuko mfupi mkubwa kuliko mdono wa kidole, na spika iliyokwisha kushonwa mara mbili hupasuka kwa mlipuko wa namna hiyo. Mpigaji aliyejua kwamba spika ni ya chama, na kwamba hapana nyingine, alijizuia.

Walikuwapo waliofuata njia ya "soul" na roki licha ya amri ya 1969. Mashuhuri kati yao ni Sunburst, kundi la Dar es Salaam la miaka ya 1970, lililochanganya miondoko ya Kiafrika na fanki, na ambalo besi yake ilipigwa na Bashir Idi Farhan. Sahani yao ndefu, "Ave Africa", ilitoka mwaka 1976, nayo ilirikodiwa nchini Zambia. Baada ya hapo ilikaa gizani hadi mwaka 2016, ilipochapishwa upya huko Ulaya. Anayetaka kusikia kilichokuwa kikiwezekana katika mji huo, kama vyombo na milango ya studio vingefunguka, ana pa kuanzia. Kwa bahati mbaya jina la Bashir Idi Farhan halitajwi katika mazungumzo ya mjini, kama lisivyotajwa mno la Suleiman Mwanyiro wa Msondo nje ya duara la wapenzi wa bendi hiyo. Waimbaji wana mashairi ya kuwakumbusha. Wapiga solo wana vibwagizo vinavyopigiwa miluzi njiani. Mpiga besi hukumbukwa na wapiga besi.

Milango ilifunguka katikati ya miaka ya 1980. Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila ya kuulizwa zilikotoka, na mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akawa Rais, akapewa na wananchi lile jina la Mzee Ruksa. Magitaa yakaanza kuingia kwa njia ya mabaharia, ya ndugu walioko Ulaya na Ghuba, na ya maduka ya Kariakoo. Kwa mara ya kwanza kijana wa Tandika au Mwananyamala aliyejinyima angeweza kutamani, na pengine kupata, besi iliyo yake. Slapu nayo ilikuwa imekwisha kuwa lugha ya Afrika. Wapigaji wa Kameruni waliokuwa Paris, Vicky Edimo na Aladji Touré miongoni mwao, waliitia katika makossa, na kaseti za makossa zilichezwa katika baa na mabasi ya Afrika nzima. Mwaka 1986 Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini alipiga katika wimbo wa Paul Simon, "You Can Call Me Al", kifungu kifupi cha besi kilichosikika duniani kote. Nusu yake ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa kinyumenyume katika utepe. Jambo la kufurahisha ni kwamba gitaa la Kumalo halikuwa na freti kabisa. Kwa mujibu wa elimu yote iliyotangulia kuelezwa hapa, hilo si gitaa la slapu. Hakuna aliyemwambia, au kama aliambiwa hakusikia.

Lakini meli hiyohiyo iliyoleta magitaa ilileta kinanda cha umeme. Vijana Jazz walikuwa miongoni mwa bendi za mwanzo mjini kutumia kinanda hicho na drams za umeme, mnamo mwaka 1987. Taarabu nayo, ambayo huko Tanga vikundi vya Black Star na Lucky Star vilikuwa vimekwisha kuipunguza kutoka okestra kubwa hadi magitaa machache na besi, ilizidi kupungua: taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990, ya East African Melody na ya TOT, ilikiegemea kinanda mno. Mwenye vyombo alipiga hesabu yake. Kinanda kimoja kinatoa fidla, kinatoa akodiani, na kwa mkono wa kushoto kinatoa besi. Mshahara ni mmoja badala ya mitatu. Studio za muziki wa kizazi kipya zilipoanza kushamiri mwishoni mwa muongo huo, besi ilikuwa kitufe katika kompyuta, na slapu ilikuwa kitufe cha pili pembeni yake, imerikodiwa na mtu asiyejulikana katika nchi nyingine, tayari kwa yeyote asiyejua kuipiga.

Hapo ndipo penye uchungu wa historia hii. Kijana aliyeweza hatimaye kuchagua gitaa lake alilichagua wakati ambapo nafasi za kulipiga zilikuwa zikipungua. Bado zilikuwapo. Bendi za dansi la kizazi kilichofuata, kama African Stars, yaani Twanga Pepeta, waliojaza Mango Garden ya Kinondoni, ziliendelea kumweka mpiga besi jukwaani, na Msondo na Sikinde waliendelea kukutanishwa katika mapambano yao, pengine TCC Chang'ombe, kule Temeke, mbele ya watu waliokuja na kiti cha hoja kabla ya kiti cha kukalia. Ila mtoto wa mtaani aliyevutwa na muziki hakuiona tena besi kama mlango. Ilikuwa ghali, nzito, inahitaji amplifaya, na amplifaya inahitaji umeme usiokatika.

Alitafuta kitu chepesi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viunga vya mji vilizaa mchiriku, muziki uliotokana na chakacha na ngoma za Wazaramo, unaopigwa usiku kucha katika shughuli za mitaani. Vyombo vyake ni kinanda kidogo cha Casio, cha aina iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, kinachopitishwa katika spika za pembe zilizochakaa hadi sauti yake ikawa kali kama ya mbu. Kisha ngoma, na kigoda cha mbao kinachochapwa kwa vijiti. Jagwa Music, kundi la mwaka 1992, liliufikisha muziki huo hadi majukwaa ya Ulaya, na mwaka 2012 likatoa sahani ya "Bongo Hotheads". Ndani yake gitaa la besi halimo. Larry Graham alikuwa na besi ya kukodi na hakuwa na ngoma, akaifanya besi kuwa ngoma. Vijana wa mchiriku walikuwa na ngoma, hawakuwa na besi ya kukodi wala ya kununua, na sauti ya chini ikarudi katika ngozi, ikipigwa kwa kiganja na gumba na watu ambao vyombo vyao, hatimaye, vilikuwa vyao wenyewe.